Redio ya Gari Inapolia Kama Mbu



Kiangazi kilichopita mama mmoja alitoka kwake alfajiri, mtoto mgongoni, akaifuata ile njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, hata akafika penye kituo cha afya jua limekwisha panda. Alikuta mlango umefungwa. Wachanjaji wa surua walikuwa wamekuja Jumatatu, wakaifanya kazi yao, wakaenda zao vijiji vya mbele. Yeye alikuja Jumatano. Nyuma yake walifika wenzake, mmoja mmoja, na wote walisema neno lile lile: «Gari la parokia lilipita likitangaza Jumatano.» Mtangazaji naye, katekista mtu mzima asiyejulikana kwa uwongo, alikuwa tayari kuapa kwamba alisema Jumatatu.

Kwetu surua si ugonjwa wa mchezo. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 hata Januari 2020 iliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi yetu ya Kongo, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba habari ya redio na spika za gari ni anasa ya vijana wa mjini tu.

Basi nani aliyesema uwongo? Hapana hata mmoja. Katekista alitamka sawasawa, na akina mama walipokea kile kilichofika masikioni mwao. Lakini kati ya kinywa chake na masikio yao palikuwa na mikrofoni, amplifaya, spika mbili za tarumbeta juu ya paa la gari, na pamoja na hivyo sauti nyembamba kama ya mbu, iliyopanda kila mara shofere alipokanyaga mafuta na kushuka alipopunguza. Mbu yule ndiye aliyekula silabi ya mwisho. Jumatatu na Jumatano ni ndugu wa tumbo moja; wametenganishwa na silabi moja tu, na ikipotea hiyo, msikilizaji huchagua mwenyewe.

Baraza likaketi. Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya parokia moja ambayo haina haja kutajwa hapa. Redio, amplifaya na spika vilikuwa vimefungwa mwaka uliotangulia na kijana fundi wa Kasongo, Mwislamu, mtoto wa jirani zetu, ambaye amejifunza kazi kwa mjomba wake. Ikanenwa kwamba amefanya kazi mbovu, kwamba ametumia waya duni, na kwamba sharti alipe gharama. Kwa kuwa hakuwa na fedha, wakamshikia rehani mita yake ya umeme na chuma chake cha kuchomea risasi, maana yake vyombo vya kumpatia chakula. Nasi, twakiri, tulikuwa katika baraza hilo, tukakubali kwa kichwa. Tuliona waya mwembamba chini ya kiti tukadhani tumeona yote. Baadaye tukajua kwamba waya ule mwembamba ni ule wa kuiamsha amplifaya tu, ambao hauhitaji unene kabisa, kwa maana haubebi mzigo wo wote.

Siku mbili baadaye paroko alituomba tuitazame ile mitambo, kwa kuwa tunafundisha umeme kidogo katika sekondari. Tulikubali kwa aibu kuliko kwa ujuzi. Twapenda kuwaeleza wasomaji, hasa vijana wa shule, njia tuliyoifuata, kwa sababu ugonjwa huu twausikia katika magari mengi yanayopita hapa kwetu.

Jambo la kwanza: kusikiliza kabla ya kufungua. Tuliwasha redio injini ikiwa imezimwa. Kimya, hakuna mbu. Tukawasha injini, mbu akaja. Tukakanyaga mafuta, akapanda. Hapo tukajua kwamba kelele inatoka upande wa alternata, ile mashine inayojaza betri, ambayo wengine wangali wanaiita dinamo. Kama kelele ingalikuwapo hata injini imezimwa, tungaliitafuta penginepo. Na kama ingalikuwa mlio wa tiki-tiki-tiki katika gari la petroli, tungalitazama plagi na waya zake. Gari la dizeli halina plagi za cheche. Kelele ya plagi ni ya zamani sana: redio za Motorola zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1930, mafundi wake walihangaika nayo vile vile.

Mwanafunzi atauliza: kwa nini alternata itoe sauti nyembamba hivyo? Na tuhesabu pamoja. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, na puli ya alternata ikizunguka mara tatu zaidi, ni mara 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde. Alternata yenye jozi 6 za sumaku hutoa mawimbi 600 kwa sekunde. Na kwa kuwa umeme wake hutoka katika njia tatu na kunyooshwa na diodi, kila wimbi huacha mafundo 6. Mara 600 kwa 6 ni 3,600 kwa sekunde. Sasa angalieni: sikio la mwanadamu husikia kwa wepesi zaidi sauti zilizo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na hapo ndipo huishi sehemu kubwa ya konsonanti zetu, zile zinazotenga neno na neno. Mbu amejenga nyumba yake mlangoni mwa konsonanti. Ndiyo maana wimbo ulisikika vizuri tu, watu wakaucheza, lakini tangazo halikusikika.

Jambo la pili: kuondoa kitu kimoja kimoja. Simu ya shofere ilikuwa imechomekwa katika chaja ya gari, na papo hapo imeunganishwa na redio kwa waya wa muziki. Tulichomoa chaja. Mbu akapungua, hakufa. Hili wasomaji wanaweza kulijaribu leo hii bila kuwa na chombo cho chote: simu inayopokea umeme wa gari na kupeleka muziki katika redio ya gari lile lile imeshikwa pande mbili, na mara nyingi hulia. Chaja za bei ndogo zina ubaya mwingine tena, kwani huchafua hata mapokezi ya FM. Hali kadhalika taa nyingine za LED. Mwenye kushindwa kuipata Radio Okapi barabarani azime taa hizo na kuchomoa chaja kabla ya kulaumu antena.

Tukaja kwenye amplifaya. Ilikuwa na njia mbili za kuingiza sauti, moja ya mikrofoni na moja ya redio, na ndani yake zote huchanganywa. Tulichomoa waya za redio. Mbu akanyamaza papo hapo, na mikrofoni ikasema safi kama kengele. Wenzetu wa baraza waliokuwa wakitutazama wakapiga makofi, wakadhani kazi imekwisha na redio ndiyo mkosaji. Haikuwa hivyo. Kukata njia ya mwizi si kumkamata mwizi. Lakini twaongeza neno ambalo lingaliwasaidia wale akina mama: laiti mtangazaji angalikifunga kitasa cha redio alipokuwa akinena, sehemu kubwa ya kelele isingalitoka. Hakuna aliyemfundisha, wala sisi tusingalimfundisha, kwa kuwa hatukujua.

Sasa tulihitaji mita ya umeme. Shule ilikuwa nayo moja, imekufa. Mita nzima ya karibu ilikuwa ndani ya kabati la baraza, rehani. Tukaitoa. Na kwa mita ya yule kijana tukaipima kazi ya yule kijana.

Kwanza tulipima kwenye betri yenyewe, injini ikienda, mita ikiwa imewekwa kwenye umeme wa mawimbi. Tulisoma chini ya volti 0.1. Kama ingalifika nusu volti na zaidi, tungaliishuku diodi mojawapo ya alternata kuwa imekufa, na hapo hakuna waya wala chujio litakalotibu; alternata hupelekwa kwa fundi. Yetu ilikuwa nzima.

Kisha tulitia ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, na ncha ya pili kwenye skrubu hasi ya amplifaya, sauti ikiwa juu. Kati ya sehemu hizi mbili mita ingepasa kuonyesha karibu sifuri, au volti 0.1, au tuseme 0.2. Ilionyesha 0.9.

Hapa tusimame kidogo, maana hii ndiyo shina la mambo. Katika gari, bodi ya chuma ndiyo njia ya kurudia umeme. Amplifaya hula umeme mwingi, na wote sharti urudi betri kwa kupitia mahali pale waya wake hasi ulipokazwa kwenye bodi. Mahali hapo pakiwa na kutu au rangi, njia huwa nyembamba. Mtu aliyeuona mto Lualaba ukijaa atatuelewa: maji yakizuiwa kupita mkondoni hayasimami, hutafuta vijito. Umeme nao, ukikuta njia kuu imesongwa, hurudi kwa kupitia ngozi ya nje ya ule waya mwembamba wa sauti utokao kwenye redio. Na cho chote kipitacho katika waya wa sauti, amplifaya hukiona kuwa ni sauti, hukikuza na kukipeleka nje. Mbu hakuzaliwa katika redio, wala katika amplifaya; amezaliwa katika njia mbaya ya kurudi.

Tulichukua waya mnene, tukaunganisha skrubu hasi ya amplifaya moja kwa moja na betri, na waya za redio zikiwa zimerudishwa mahali pake. Kimya. Tukauondoa, akalia. Tukaurudisha, kimya. Kipimo cha namna hii hakina ubishi.

Tukainua zulia nyuma ya kiti. Skrubu ya bodi ilikuwa pale, imekazwa sana, imelala juu ya rangi nyeupe nzuri, mpya. Tukamwita kijana. Alikuja amenuna, na ni haki yake. Alipoiona akasema: «Mwalimu, mimi sikupaka rangi humu.» Alituonyesha alama za msasa alizozifanya mwaka uliotangulia, ng'ambo ya kiraka kipya cha bati. Shofere akakumbuka: baada ya masika sakafu ilikuwa imeoza, ikapelekwa kwa mtu wa kulehemu, akakata, akatia kiraka, akapaka rangi, kisha akairudisha skrubu juu ya rangi. Si mtu mbaya. Yeye alijua chuma, hakujua sauti. Na hakuna aliyewaza kumwita fundi wa redio siku ile, kwa kuwa redio iliwaka.

Kijana alikwangua rangi mpaka chuma king'ae, akatia wosha yenye meno, akakaza, kisha akapaka grisi juu ili unyevu usiingie. Mita ikaonyesha 0.05. Kazi ya robo saa.

Lakini mwandishi wa haki husema yote. Tulipomaliza tulimwomba katekista anene, nasi tukasimama mbele ya gari hatua hamsini. Sauti ilikuwa safi, lakini imekonda, hasa tuliposimama katikati. Spika zote mbili zilielekea mbele. Kijana mwenyewe aliinamisha kichwa, akapanda juu ya paa, akageuza waya mbili za spika ya kushoto, chanya pahali pa hasi. Mara sauti ikajaa. Hilo lilikuwa kosa lake: spika moja ilikuwa ikisukuma hewa wakati mwenzake anavuta, na katikati zikauana. Alicheka, na sisi tukacheka. Katika spika za kawaida, zile za ngozi ya karatasi, mtu anaweza kujua kwa betri ya tochi ya volti 1.5: agusishe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwa nukta moja, na ngozi yaruka nje, ikizama ndani, alama zimegeuzwa. Spika ya tarumbeta haionyeshi kitu kwa macho. Yataka kugeuza na kusikiliza.

Kwa kuwa tumelianza, tuseme machache juu ya makosa mengine tunayoyaona katika magari ya njia hii, bila kufuata utaratibu.

Wapo wanaochukua waya mmoja wa spika na kuukaza kwenye bodi ili wapunguze gharama ya waya. Katika redio kadhaa za zamani ilikuwa ruhusa. Katika redio za siku hizi waya zote mbili za kila spika ni hai. Ukiugusisha mmoja na bodi, redio hujifunga yenyewe au huungua. Na mara nyingi si fundi aliyefanya hivyo, bali ni njia yetu: mitikisiko ya kwenda Kabambare husugua waya mpaka ngozi ikatoka, hasa unapopita kwenye bawaba ya mlango. Redio inayozimika kila gari liingiapo shimoni ina waya wa namna hiyo, au ina kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa karatasi ya plastiki.

Wapo wanaoongeza spika ya tatu juu ya paa siku ya sikukuu. Spika mbili za omu 8 zilizofungwa sambamba ni omu 4, na amplifaya nyingi za gari hustahimili. Tatu ni omu 2 na theluthi mbili. Amplifaya itapiga kwa nguvu mpaka Ekaristi, kisha itazimika kwa joto kabla ya maandamano kumalizika, na watasema ni uchawi. Mlio mkali wa wiii unaokuja mtangazaji anaposhuka garini na mikrofoni mkononi si uchawi pia; amesimama mbele ya spika, na sauti inazunguka kutoka spika kuingia mikrofoni bila mwisho. Asimame nyuma ya gari.

Malori nayo yana shida yao. Malori mengi ya dizeli, na baadhi ya Land Cruiser zilizotengenezwa kwa watu wa Japani, yana betri mbili na volti 24, lakini redio ni ya volti 12. Mafundi wengi hukata shauri la haraka: huchukua umeme katika betri moja tu. Redio huimba, na kila mtu afurahi. Baada ya miezi michache betri ile inayokamuliwa haijai kamwe, na mwenzake hujazwa kupita kiasi mpaka maji yake yakauke. Zote mbili hufa, na mwenye lori hulaumu muuza betri. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye nguvu ya kutosha, nacho kikiwa duni sana huleta mbu wake mwenyewe. Redio zitokazo na magari ya Japani zina ila ya pili: FM ya kwao ilianzia 76 ikaishia 90, na katika miaka ya karibuni 95, ambapo ya kwetu huenda mpaka 108. Hazikuharibika. Hazikuumbwa kwa ajili yetu.

Na fyuzi! Iwe karibu na betri, kiasi cha shibiri moja au mbili, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya, si kuilinda redio peke yake. Tumeona msumari mahali pa fyuzi. Tumeona karatasi ya sigara. Gari lile lilibeba abiria na madumu ya petroli.

Turudi kwa kijana. Baraza liliketi tena, fupi sana. Paroko alisema kwamba deni limefutwa na kwamba malipo ya robo saa yatolewe pale pale. Kijana alizipokea fedha, akaomba pia mita yake na chuma chake, akaikagua mita mbele yetu kama betri yake ingali nzima. Hakutuambia neno la kutuumiza. Nasi tulimwomba radhi mbele ya wale wale ambao mbele yao tulikubali kwa kichwa. Mjomba wake, tulipomtembelea jioni, alitukaribisha kahawa.

Wachanjaji walirudi baada ya majuma matatu. Safari hii katekista alikifunga kitasa cha redio, akamwomba shofere azime injini katika kila kijiji, akatangaza mara tatu: «Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, mara tu baada ya Dominika.» Mama yule alikuja Jumatatu. Mtoto alilia sana alipochomwa sindano, na tulimsikia vizuri kutoka barabarani.

Swali la mwalimu wa Salamabila juu ya taa za mwanga wa jua zinazozimika usiku wa manane tutalijibu juma lijalo, Mungu akitujalia. Atuandikie mapema betri zake ni za namna gani, na zimenunuliwa mwaka gani.